Makala ya visu imeiruka kazi ya moto

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nizungumzie makala yenu ya Jumamosi iliyopita iliyowafundisha wasomaji kutengeneza visu nyumbani. Niliifurahia, kwani ni nadra gazeti kuwakumbuka watu ambao jioni, baada ya kazi zao, hujifungia uani na jiliwa, tupa na msasa. Lakini makala ile inamwambia msomaji achukue chuma chochote kikuukuu, akikate kwa grenda kipate umbo la kisu, akinoe, akitie mpini, basi. Hapo sikubaliani nanyi. Ugumu wa kisu hutoka motoni, na moto haukutajwa hata kwa neno moja.

Nilikuwa fundi mitambo katika kiwanda cha mkonge hadi nilipostaafu, na hapa nyumbani Muheza natengeneza visu kwa sababu naipenda kazi yenyewe. Vingi ni vidogo, vya akina mama na vijana wanaouza machungwa stendi. Mtu anayemenya machungwa kutwa nzima hadanganyiki kwa kisu king'aacho. Kikipinda, au kikiisha makali kabla ya adhuhuri, anakurudishia hapohapo, na ana haki.

Nianze na hicho "chuma chochote". Nondo ya kujengea ina kaboni kidogo mno. Hata uichome iwe nyekundu na kuizamisha mara ngapi, haitapata ugumu wa kushika makali. Springi ya lori, vile vyuma bapa vinavyopangwa tabaka kwa tabaka juu ya ekseli, ni habari nyingine. Kwa kawaida ina kaboni ya asilimia 0.5 hadi 0.6, na nyingi zimetiwa kromiamu kidogo. Hiyo inafaa sana kwa kisu cha jikoni au cha shamba. Tupa iliyokwisha meno ina kaboni zaidi, karibu asilimia 1 au kupita, lakini ukiisaga tu na kuitia mpini bila kuipunguza ugumu, itameguka siku itakapoanguka sakafuni.

Kwenye misumeno ndiko makala ilikowapoteza wasomaji kabisa, kwa kuiweka yote kundi moja. Msumeno mpana wa mbao ni chuma cha kaboni kilichokwisha kupewa ugumu wake kiwandani. Ukiusaga kwa grenda mpaka ukingo ugeuke buluu, umeshauharibu, kwa sababu buluu hiyo maana yake ni kwamba joto limefika karibu nyuzi 300 na makali yamelainika. Bledi nene ya mashine ya kukatia vyuma, ile ambayo yote ni chuma cha kasi, yaani chuma kigumu cha zana zinazokata kwa kasi, huvumilia joto hilo bila kulainika, na moto wa nyumbani hauwezi kuipa ugumu upya wala hauhitajiki. Hiyo isagwe ikiwa baridi, iishie hapo. Ndiyo ninayoipenda kwa visu vya machungwa: ngumu, haichoki upesi. Lakini siku hizi ziko bledi ambazo ni meno tu yenye chuma hicho, na mgongo ni chuma laini. Ukikata meno umebaki na mgongo. Pitisha tupa mgongoni kabla hujaanza: ikiteleza kama juu ya kioo, chuma ni kigumu, ikiuma, weka kando.

Hata anayebadilisha tu kisu cha zamani, tuseme panga lililolika alifanye kisu cha jikoni, au kisu kilichovunjika ncha akichonge upya, asiruke hili. Asage kwa kugusa kidogo kidogo, akichovya kwenye ndoo ya maji kila mara, na ashike chuma kwa vidole vitupu ili kimwambie joto lake. Vidole vikishindwa, asimame. Akilinda joto namna hiyo, ugumu wa awali unabaki, na hatahitaji tanuri.

Aliyeanza na springi hana budi kuingia motoni. Dramu ya breki ya zamani, mkaa na feni ndogo vinatosha. Kisu kikishapata umbo, lakini kabla ya kutoa makali membamba, kipashwe hadi chekundu kisha kiachwe kipoe chenyewe hewani, mara tatu hivi, ili chuma kitulie baada ya kufanyiwa kazi. Kisha kipashwe tena kwa ajili ya kukizamisha. Hapo tumia sumaku: chuma kikifika karibu nyuzi 770 sumaku huacha kukivuta. Kipandishe joto kidogo tu zaidi ya hapo, kiwe na rangi moja kuanzia msuka, sehemu inayoingia mpinini, hadi ncha, ndipo ukizamishe. Fanya kazi hii kivulini au magharibi ikiingia, kwa maana juani macho hudanganywa na rangi ya moto, na wengi huunguza chuma wakidhani bado.

Kizamishe katika mafuta ya alizeti yaliyopashwa moto kiasi, kama nyuzi 50. Maji huipasua springi, hasa ikiwa nyembamba. Oili chafu ya injini, ambayo vijana wengi huikimbilia kwa kuwa ni ya bure, hutoa moshi wenye sumu. Chombo kiwe cha chuma chenye kifuniko, kamwe kisiwe ndoo ya plastiki. Kisu kishuke wima, kisiyumbishwe kushoto na kulia, la sivyo kitapinda.

Kikitoka hapo ni kigumu lakini chepesi kuvunjika. Kisuguliwe king'ae, halafu kiwekwe kwenye joto la nyuzi 200 hivi kwa saa mbili, kipoe, kirudishwe tena. Asiye na jiko la oveni atumie sufuria ya mchanga juu ya jiko la mkaa, akiangalia rangi: uso wa chuma ukigeuka manjano ya nyasi kavu, akitoe. Hatua hii ndiyo inayoachwa kuliko zote, na ndiyo inayofanya kisu kisimeguke kikikutana na mfupa.

Mpini sitaukalia sana. Mninga hukubali kazi vizuri, mpingo ni mgumu na hupendeza, na vumbi la yote mawili halifai mapafuni, kwa hiyo vaa barakoa. Ribiti za shaba na gundi ya kuchanganya hushika vizuri. Na mnunuzi aambiwe kwamba kisu cha springi hushika kutu, na maji ya chungwa hukitia weusi. Kifutwe, kipakwe mafuta kidogo.

Sisi watu wa ukanda huu hatukupaswa kuusahau moto. Milimani Upare, jirani zetu hapa, ukoo wa Washana ulikuwa wa wahunzi, na ndio uliotawala Ugweno, Upare ya kaskazini, kabla ya ukoo wa Wasuya kuushika utawala. Uhunzi uliwapa heshima na madaraka. Leo kijana wa huko anasoma gazetini kwamba kisu ni kazi ya grenda peke yake, na mimi naumia.

Jambo la mwisho ni picha yenu. Kijana yule amevaa kandambili, hana miwani, na kinga ya diski ya grenda imeondolewa. Diski hupasuka. Nimefanya kazi na mtu aliyepoteza jicho kwa kipande kisichofika ukubwa wa kucha. Naomba mchapishe sehemu ya pili itakayoeleza moto, pamoja na picha ya mtu aliyevaa miwani, viatu vilivyofunika vidole, na grenda yenye kinga yake. Ichapeni kabla shule hazijafungwa, kwani ni wakati wa likizo ndipo watoto huzishika grenda za baba zao.

Fundi mstaafu,
Muheza, Tanga