Mama, mfungulieni Eli mlango

Leipzig, Jumapili jioni

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo, na Baba mpe shikamoo yake. Mimi mzima, baridi nimeshaizoea. Fedha za paa la kanisa nilituma juzi kwa simu ya Anande. Na ule mtihani wa uuguzi nimefaulu, Mama! Cheti cha serikali ya hapa ninacho mkononi, na zamu ya usiku naachiwa wodi nzima.

Sasa hilo la Eli. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Unataka nimkemee kama dada mkubwa, arudi kanisani, ndipo Baba amruhusu kulala nyumbani. Mama, sitamkemea.

Eli hakuanza kwa kumkataa Mungu. Alianza kwa swali moja kwenye darasa la kipaimara: kwa nini Neema alisimamishwa mbele ya usharika atubu mimba, na aliyempa mimba siku hiyohiyo alikuwa kwenye kwaya anaimba besi? Akajibiwa kwa viboko. Siku ya Neema nilikaa benchi la tatu, nikaangalia chini. Wewe pia uliangalia chini, Mama, nilikuona. Ni mtoto yule peke yake aliyeuliza, na mpaka leo hajajibiwa.

Mnasema chuo na simu vimemharibu. Lakini wamisionari waliokuja kwetu mwaka 1893 walitumwa na misheni ya mji huu huu ninaoishi, na babu yetu alipowafuata aliacha matambiko ya baba yake. Si alifukuzwa kwenye kihamba, shamba la ukoo? Baba husimulia habari hiyo kila Krismasi kwa fahari. Basi Eli kamrithi babu yake.

Huku vijana wengi hawana dini kabisa. Ninayefanya naye zamu hajawahi kubatizwa, wala wazazi wake. Enzi za Ujerumani Mashariki serikali iliweka sherehe yake ya vijana ili ishindane na kipaimara. Yeye amezaliwa ndani ya kutokuamini kama mimi nilivyozaliwa ndani ya kwaya yako. Hakuna kati yetu aliyechagua. Eli angalau anahangaika kuchagua.

Hapa mjini kuna kanisa la Mtakatifu Nikolai. Mwaka 1989 watu walifurika humo kila Jumatatu kuombea amani, hata wasioamini, na nje paliandikwa kwamba kanisa li wazi kwa wote. Nikipita pale nawakumbuka nyinyi na geti mlilomfungia mtoto.

Na mimi nina langu, nimekuficha. Nilipojiandikisha niliandika Mlutheri, kwa hiyo kila mwezi kwenye mshahara wangu inakatwa kodi ya kanisa, sawa na asilimia 9 ya kodi yangu ya mapato. Wenzangu wengi wamekwenda ofisini wakajitoa. Mimi sijajitoa. Lakini tangu Pasaka sijaingia ibadani. Jumapili nafungua zile rekodi za kwaya yenu, naisikia sauti yako, nalia, kisha nakwenda kazini.

Ada ya Eli ya muhula huu nimelipa mwenyewe, Baba asihangaike.

Tiketi ya Desemba nimeshakata, nina wiki tatu. Krismasi nitakwenda nawe kanisani, nisimame ubavuni mwako. Eli akitaka kubaki jikoni apike machalari, mwacheni abaki. Ila nimkute nyumbani.

Mwanao,
Ndeshi