Barua kwa mwanangu: Huo mstari mweupe kwenye meno ya Baraka

Mwanangu,

Jana usiku niliikuza ile picha ya mjukuu wangu Baraka akicheka na hindi mkononi, nikaacha kuangalia hindi. Meno mawili ya mbele, juu, pale yanapotokea kwenye ufizi, kuna mstari mweupe kama chaki. Nakuuliza, unanijibu "ni maziwa hayo, mama". Maziwa yanafutika. Msogeze dirishani, mpandishe mdomo, mfute kwa kitambaa. Usipotoka, si maziwa.

Leo nimeenda kung'olewa lile gego langu, nikamwonyesha daktari simu. Kasema ndivyo kunavyoanza: sukari inageuka asidi mdomoni, asidi inachomoa madini kwenye gamba la nje la jino. Lakini kama halijatoboka, madini yanaweza kurudi. Mate yenyewe yanayarudisha, floraidi inayasaidia yashike. Likishatoboka ni kuziba au kung'oa. Sasa unampeleka lini?

Najua utasema nani aliitupa ile dawa ya meno yenye floraidi mlipokuja Krismasi. Haya, ni mimi. Na meno yangu haya ya kahawia, ulitaka nifikirije? Huku Arusha tumekua tukisikia floraidi ndiyo iliyotuunguza meno. Kumbe ni floraidi iliyozidi kwenye maji tuliyokunywa kila siku tukiwa wadogo, meno bado yanaundwa ndani ya taya, na magadi ya kwenye makande juu yake. Tena kuyachemsha hakusaidii kitu. Nyie Dar mnakunywa ya mto Ruvu, si haya yetu.

Nunua iliyoandikwa floraidi 1000 au zaidi kidogo. Miaka miwili yake hii, kiasi ni punje ya mchele, siyo kujaza mswaki kama kwenye matangazo. Asubuhi na kabla ya kulala, umpigie mswaki wewe. Ukimaliza mfute povu, usimsukutue kwa maji. Na uulize habari ya vanishi ya floraidi. Wanaipaka kwenye meno kwa brashi, dakika chache tu. Umpeleke mwezi huu, usiniambie mwezi ujao.

Chupa ya usiku nayo iishe. Hiyo chai ya maziwa na sukari sijui kaizoelea wapi. Zile wiki tatu kwangu alikuwa analala vizuri sana. Mpe maji matupu. Atalia, baba yake avumilie.

Cheo chako nimewatangazia hadi wanakwaya. Ila mtu anayesimamia watu kumi na wawili hashindwi kuomba ruhusa ya nusu siku.

Ng'ombe kazaa dume, tena. Ndizi mshare na maharage vinakuja na basi la Ijumaa. Ndoo irudi, ni ya mama yako mdogo. Bati la jikoni bado linavuja, baba yako anangoja fundi yuleyule.

Mkitoka kwa daktari nitumie picha nyingine. Mdomo wazi, hindi muache nyumbani.

Mama