Barua ya wazi kwa Waziri wa Barabara wa Kaunti ya Nairobi: Tunaomba njia ya pili

Mheshimiwa Waziri,

Pokea salamu zangu. Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii katika vijiji vilivyo ndani kidogo, kando ya Barabara ya Kangundo, kati ya Njiru na Ruai. Kazi yangu ni kutembea nyumba hadi nyumba, kupima watoto, kufuatilia wajawazito na wazee wenye presha. Njia za huku nazijua kwa miguu yangu, na zinapokomea ndiko kulikonifanya nikuandikie.

Usiku mmoja wa Aprili 2024, mwezi ule mafuriko yalipoingia majumbani Mathare, niliitwa kwa mama aliyejifungulia nyumbani na damu ilikataa kukatika. Ambulensi tuliipata haraka kuliko nilivyotarajia. Dereva alifuata ramani ya simu, ikamleta hadi ng'ambo ya kijito kinachotutenga na kijiji jirani. Taa zake tuliziona. Kutoka pale hadi mlango wa yule mama hapafiki mita 300. Lakini hapana daraja wala kalavati. Ili atufikie, ilimbidi arudi hadi lami, azunguke, aingie kwa barabara yetu moja tu tuliyo nayo, na usiku huo lori la mawe lilikuwa limekwama katikati yake. Vijana wanne walimbeba mama kwa blanketi wakavuka maji.

Alipona, na mtoto yupo. Nawashukuru wale vijana kila ninapowaona. Lakini mama anayevuja damu baada ya kujifungua anaweza kufariki ndani ya saa 2, na sisi tulipoteza karibu saa nzima kwa ajili ya mita 300.

Mheshimiwa, huku kulikuwa mashamba na malisho. Yaliuzwa kipande kwa kipande: huyu ekari tano, yule ekari mbili. Kila mwuzaji alikata ploti zake za futi hamsini kwa mia, akaacha njia ya katikati ya kuzifikia, basi. Njia hiyo hutoka barabara kubwa na kwenda kugonga ukuta wa jirani. Jirani naye alikata zake, na njia yake ikaja kugonga ukuta uleule kutoka upande wa pili. Kwenye karatasi kila ploti ina barabara. Ukija kuangalia kwa macho, vijiji vitatu vinaingilia na kutokea mahali pamoja, na mahali hapo pakifungwa na lori, maji au moto, sote tumefungiwa.

Najua wengi wanaokuandikia huomba lami. Mimi siombi lami kwanza. Udongo wetu ni ule mweusi. Ukilowa huvimba na kunata, ukikauka hupasuka nyufa za kuingia mguu. Lami nyembamba juu yake haidumu, na hata ikidumu, gari litafika ukutani na kurudi kinyumenyume. Tuunganishieni vijiji, hata kwa changarawe iliyoshindiliwa vizuri na mitaro pembeni.

Fikiria lori la zimamoto. Huku tunapikia gesi, nyumba nyingi za kupangisha ni za mabati na zimeshikana. Tarehe 1 Februari 2024 tuliona Embakasi gesi ikilipuka inavyoweza kuufanya mtaa kwa usiku mmoja. Mamia ya watu walijeruhiwa. Lori hilo lina upana wa karibu mita 2.5 na limebeba maji mazito. Likiingia katika njia zetu halina pa kugeuka. Marekani, kanuni ya zimamoto inayofuatwa katika majimbo mengi inataka njia ya kuishia ukutani ikizidi mita 45 iwekewe mahali pa kugeuzia lori. Kwetu ziko za zaidi ya mita 400.

Ninaloomba kubwa halihitaji hata tingatinga. Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 inasema ardhi haigawanywi bila kibali cha kaunti. Basi ramani ya ugawaji ikiletwa, wapangaji wenu waiweke kando ya ramani ya shamba linalopakana nalo. Njia zisipokutana, irudishwe kwa mwenyewe azikutanishe kabla ya bikoni ya kwanza ya mpaka kupandwa. Leo ni mstari wa kalamu. Ukichelewa miaka mitano, itakuwa nyumba ya mtu ya kubomolewa, na fidia, na kesi.

Kwa zile njia zilizoko kwenye ramani za savea lakini zimezibwa, naomba mzifungue kwa notisi na kwa muda wa kutosha. Wengine waliojenga juu ya njia hizo nawajua, ni wateja wangu, waliuziwa bila kuambiwa ukweli. Na pale kwenye kijito, kalavati moja pana ya kupitisha gari. Vibao vya majina ya barabara navyo, ili dereva asielekezwe kwa "duka la mama fulani".

Wapo majirani wanaopinga. Wanasema ukuta ukifunguliwa wezi watapita. Nawaelewa, kwa maana nyumba mbili zilivunjwa karibu na kwangu. Lakini wezi wale waliruka ukuta. Aliyelazimika kuzunguka ni gari la polisi.

Katiba, Jedwali la Nne, imeiachia serikali moja ya kaunti barabara za mitaa, zimamoto na ambulensi pia. Kwa hiyo anayejua ambulensi hukwama wapi na anayechora barabara wote wako chini ya paa moja. Naomba muwakalishe meza moja. Kifungu cha 43 kinasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura, na sidhani waliokiandika walikusudia haki hiyo iishie kwenye ukuta wa ploti.

Mpango wa Maendeleo wa Mwaka hupelekwa Bunge la Kaunti kufikia tarehe 1 Septemba. Mimi na wenzangu wa Nyumba Kumi tumetembea na kuweka alama kwa simu sehemu sita ambazo zikifunguliwa, kila kijiji kati ya hivi vitatu kitakuwa na njia mbili za kutokea. Orodha, ambayo naomba iingie katika mpango huo, iko kwa chifu na kwa mwakilishi wetu wa wadi.

Njoo uzione, Mheshimiwa. Usije wakati wa jua, njoo mvua ikiwa imenyesha siku mbili mfululizo. Nitakungoja kwenye kijito, upande ule ambulensi iliposimama.

Wako,
Mhudumu wa afya ya jamii, Njiru