Barua ya wazi kwa vijana wa chukudu wa Goma

Wajukuu zangu,

Kila alfajiri nawaona mkiteremka kutoka upande wa Kibumba, magunia ya makala, yaani mkaa, yamepangwa juu ya chukudu, hizo baiskeli zenu za mbao, mguu umekanyaga kile kipande cha tairi kinachowafanyia kazi ya breki. Sikuja kuwatukana kwa ajili ya miti inayokatwa Virunga, hifadhi ya taifa iliyo jirani yetu. Maharagwe ya watoto hayaivi kwa maneno, na vita ndivyo vilivyowatoa wengi wenu mashambani.

Nilikuwa hapa Goma, mashariki mwa Kongo, Julai 1994, ndugu zetu wa Rwanda walipovuka mpaka kwa mamia ya maelfu ndani ya siku chache. Kambi za Kibumba, Katale, Kahindo na Mugunga ziliwekwa ukingoni mwa Hifadhi ya Virunga, na kila familia ilitaka kuni siku hiyo hiyo. Nani angewalaumu? Lakini vilima vilinyolewa nikiviangalia. Mwaka huo huo UNESCO iliiandika Virunga katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini.

Kinachoniuma zaidi, hata hivyo, ni viboko. Nimeuza samaki wa Vitshumbi, kijiji cha wavuvi kando ya Ziwa Edward ndani ya hifadhi, tangu usichana wangu. Miaka ya 1970 hifadhi hii ilikuwa na viboko zaidi ya 25,000. Vita vilipoingia, wenye bunduki wa kila upande waliwapiga kwa ajili ya nyama na meno, hata katikati ya miaka ya 2000 hawakufika 1,000. Wengi wetu tulisema waishe tu, si ndio wanaopindua mitumbwi? Kumbe kiboko hula majani nchi kavu usiku, mchana akarudi kunya majini, na mavi yake hulisha vijimea ambavyo tilapia huvila. Viboko wakapungua, na tilapia wakapungua kapuni mwangu. Sitawaficha: nyavu za macho madogo na wingi wa mitumbwi navyo vilichangia, nami nilinunua samaki wachanga bila kuuliza.

Basi nawaomba hivi. Msitu wa asili wa milima ya Nyamulagira na Mikeno, ndani ya hifadhi, uacheni. Tafuteni makala ya mikaratusi iliyopandwa. Wakulima wa Kivu wamekuwa wakiipanda kwa ajili hiyo hiyo tangu 2007. Kila kizuizi cha wenye bunduki mnapolipia gunia, mnawanunulia risasi. Na walinzi wa hifadhi msiwafanye maadui. Zaidi ya 200 wameuawa. Aprili 2020, karibu na Rumangabo, walikufa 12 kwa siku moja. Wengi ni watoto wa vijiji hivi hivi.

Ninyi mliokimbia vita, wakija wagawaji wa unga na mafuta, waulizeni pia kuni za kupikia unga huo ziko wapi, na mbabula, yaani majiko, za udongo zisizokula makala mengi. Mwaka 1994 jambo hilo lilikumbukwa wakati miti imekwisha kukatwa. Na siku mtakayorudishwa Rutshuru na Masisi, msikubali kupewa jembe na turubai peke yake. Dai miche, ipandwe msimu ule ule wa mahindi ya kwanza, kabla hamjaanza kutafuta miti ya kujengea.

Nyuma ya nyumba yangu nalea miche ya miti ya mikaratusi na migrevilea ndani ya makopo. Udongo nauleta kwa gunia, maana hapa chini ni mawe ya volkano tu. Anayerudi kwao apite achukue miche kumi. Sichukui pesa.

Koko yenu, muuza samaki