Barua kwa Mama: joho la miraba ya kijani na nyeusi

Nagoya, Japani

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima wa afya, wewe na Baba na Kassimu na wote hapo nyumbani. Mimi huku sijambo, isipokuwa baridi imeanza kunishika miguu mapema mwaka huu.

Picha uliyomwambia Kassimu anitumie imefika. Nimecheka peke yangu kwenye treni. Kijana wa mtaa wa pili anataka umshonee joho la miraba ya kijani na nyeusi, nawe unauliza ni vazi la kabila gani na huvaliwa kwenye shughuli gani. Nakujibu kwa urefu, maana nakujua, hutii mkasi kitambaa usichokielewa.

Mwenye joho hilo ni Tanjiro, kijana wa katuni ya Kijapani, Kimetsu no Yaiba. Ni mtoto wa familia ya wauza mkaa milimani. Siku moja anarudi kutoka sokoni anakuta mashetani wameua watu wa nyumbani kwake, amebaki dada yake tu, Nezuko, naye amegeuka shetani. Basi. Mengine Kassimu atakusimulia mpaka uchoke. Filamu yao ya 2020 iliingiza fedha kuliko filamu yoyote iliyokuwa imewahi kuonyeshwa Japani, kwa hiyo huyo mteja wako hatakuwa wa mwisho.

Hadithi imewekwa katika zama za Taisho, 1912 hadi 1926, Wajapani walipokuwa wakichanganya mavazi: sare ya kola ngumu na vifungo ya mtindo wa Ulaya, na juu yake joho la asili, haori. Ndivyo alivyovaa Tanjiro. Ile miraba huku inaitwa ichimatsu. Katika karne ya 18 mwigizaji wa jukwaani, Sanogawa Ichimatsu, aliivaa kwenye mchezo mjini Edo, ndiyo Tokyo ya leo, wanawake wakaipenda, wakaiga, na jina lake likaganda hapo. Hata nembo ya Olimpiki ya Tokyo ilitengenezwa kwa miraba hiyo hiyo.

Nezuko yeye kimono chake ni cha waridi, kina nyota zilizochorwa kwa mistari, asanoha, yaani jani la asa. Mmea huu hukua upesi na kunyooka, ndiyo maana tangu zamani waliwavisha watoto wachanga nguo za nakshi hiyo, wakue vivyo hivyo na wakingwe na mabaya. Sasa, Mama, asa ni mmea ule ule wa bangi, ila wao waliulima kwa ajili ya nyuzi. Usimwambie Baba kabla hajamaliza kula. Kuna rafiki yao Zenitsu, nguo yake ina pembetatu ndogo ndogo, magamba, nazo ni za kinga. Ukiliona hilo, unamfahamu mchoraji: kabla mhusika hajafungua mdomo, nguo yake imeshakwambia anaombewa nini.

Ninayempenda mimi ni Giyu, wa katuni hiyo hiyo. Joho lake ni nusu kwa nusu: upande mmoja mwekundu wa damu ya mzee, mtupu, na upande wa pili wa maumbo ya kijani na manjano. Nusu moja inatokana na vazi la dada yake, nusu nyingine na la rafiki yake, na wote wawili walikufa ili yeye apone. Hapo fundi angejua mara moja kwamba mchoraji hakubahatisha. Kitambaa cha kimono hufumwa chembamba, kiasi cha sentimita 36 hadi 38 upana, kwa hiyo mgongoni lazima pawe na mshono wa katikati, wa kila mtu, wa tajiri na wa maskini. Giyu ametumia mshono ambao ulikuwepo tangu zamani. Wanaowashonea watu joho hilo wakakata mgongo mzima kisha wakaubandika rangi mbili juu, mimi naona wamepoteza nusu ya hadithi.

Halafu uliuliza, hawa watu mbona hawabadilishi nguo? Swali zuri kuliko unavyodhani. Katuni hizi huchorwa. Sekunde moja ya filamu ni picha 24, ingawa mara nyingi mchoro mmoja hushikiliwa kwa picha 2 au 3, kwa hiyo michoro kama 8 au 12 kwa sekunde. Ukimpa mhusika vifungo kumi na mifuko minne, kila mchoraji atavichora upya siku nzima, na atakulaani. Kwa hiyo wanapunguza. Wanaacha kitu kimoja kitakachotambulika hata kwa kivuli. Tazama wahusika wa katuni nyingine: Goku ana nguo ya mazoezi ya rangi ya chungwa, Luffy ana kofia ya ukili, Kiki ana gauni jeusi na utepe mkubwa mwekundu kichwani. Ndiyo maana miraba ya Tanjiro ilinishangaza. Ni kazi ya kujitakia.

Ya wasichana je? Zuhura alinikumbusha katuni ya Sailor Moon, aliyokuwa akiitazama kwa majirani. Kile kivazi cha msichana wake ni sare ya shule, kola ya baharia na sketi ya marinda, sare ambayo shule za wasichana za Japani zilianza kuivaa miaka ya 1920. Mchoraji wa katuni hiyo, Naoko Takeuchi, alisomea famasia, lakini jicho lake lilikuwa kwenye majarida ya mitindo. Gauni jeupe la Princess Serenity, yaani msichana huyo huyo akiwa binti mfalme, alilitoa kwenye gauni la nyumba ya mitindo ya Dior la 1992, alilolibuni Gianfranco Ferré. Mtu kichwani ana dawa, mkononi anakata hariri!

Hapa Nagoya kila kiangazi kuna mashindano ya dunia ya kuvaa kama wahusika hawa, na wanaoshindana hushona wenyewe. Huandamana katika mtaa wa Osu, kando ya hekalu, katika joto la kunata kama la kwetu Machi. Nilisimama pembeni nikitazama mishono badala ya nyuso. Kwenye karatasi kola husimama yenyewe na upindo hupepea bila upepo. Kwenye mwili wa mtu kola inalala. Aliyefaulu ni yule aliyeweka kitambaa kigumu ndani ya kola na waya mwembamba kwenye upindo, na hakuna aliyegundua.

Haya, kazi yako sasa. Haori haina mshono begani. Kipande kimoja kinatoka mbele, kinapita juu ya bega, kinashuka mgongoni. Viwili vya hivyo, mikono miwili ya mstatili mpana, na utepe mrefu wa kola. Mkasi unakwenda mnyoofu tu, makombo hakuna. Kitambaa chetu ni kipana, utashawishika kuukata mgongo mzima. Usiukate. Weka mshono wa katikati na uhakikishe miraba inakutana pale, kwa sababu hapo ndipo mteja atakapotazama akijigeuza kwenye kioo.

Tumia poplini ya kijani. Kata vipande kwanza, kisha chora miraba ya sentimita 10 na upake nyeusi ya vitambaa kwa kigezo cha kadibodi, ikauke, upige pasi kwa nyuma, ndipo ushone. Jirani wa batiki atajitolea kwa nta yake, mshukuru, ukatae. Nta ikipasuka rangi inapenya, na kingo za miraba hii zinatakiwa safi. Ndani, sare yake, tetroni nyeusi ya sare za shule inatosha kabisa, na hata jina la kitambaa hicho lilitoka huku huku Japani.

Na usiogope kwamba utashtakiwa kwa miraba. Wachapishaji wa katuni waliomba mwaka 2020 nakshi za wahusika sita ziandikishwe kuwa alama zao. Ya Giyu na wengine wawili ikapita. Ya Tanjiro, ya Nezuko na ya Zenitsu ofisi ya serikali ikazikataa, kwa kuwa ni nakshi za watu wote tangu enzi. Ni sawa na mtu aende kuandikisha kisutu kiwe mali yake peke yake. Angetoka na aibu.

Kuhusu bei, usimtoze ya kanzu. Miraba ile itakula siku mbili, na vijana wa katuni hulipa wakiona mgongo umekaa sawa. Chukua nusu kabla hujanunua kitambaa. Kassimu naye asikusumbue na lile koti jeusi la mawingu mekundu mpaka amalize mitihani. Nimemwambia, anajifanya hajasikia.

Fedha ya dawa ya Baba nimetuma Ijumaa, uniambie ikifika. Nisalimie Bibi, Zuhura na mama wa batiki.

Ni mimi mwanao,
Mwanaidi