Aliyepooza mkono si mvivu

Mhariri,

Ukurasa wenu wa afya hueleza vizuri shinikizo la damu na dawa zake. Naomba nafasi niongeze habari ya mkono baada ya kiharusi. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia hapa Kigoma, na kuna kauli naisikia majumbani ambayo huniumiza sana: "Huyu hataki tu."

Mzee mmoja wa Ujiji, mvuvi wa siku nyingi, alipooza upande wa kulia. Wanawe walimtengea chai, mkono ukabaki umelala mapajani, wakamwita mvivu. Nikaomba kasia lake. Nilipomlaza kiganja juu ya mpini, vidole vikaanza kujikunja. Si muujiza. Mpini wa kasia ni mnene, hushikwa kwa kiganja kizima, na mshiko huo kwa kawaida hurudi mapema kuliko ule wa kubana kishikio chembamba kwa ncha za vidole. Tena kasia amelizoea tangu ujana.

Jicho linapotazama kitu, mkono utakaokishika nao huanza kujiandaa. Mwaka 1998, watafiti wa saikolojia Tucker na Ellis wa Uingereza waliwaonyesha watu picha za vyombo vya nyumbani, wakawauliza kama chombo kimesimama sawa au kimepinduliwa. Kila jibu lilikuwa kitufe cha mkono mmoja. Kishikio kilipoelekea upande wa mkono unaojibu, jibu lilitoka upesi zaidi, ingawa hakuna aliyeulizwa habari ya kishikio. Basi mkono unapopooza, naamini na meza hubadilika machoni pa mgonjwa. Kikombe kile kile mnachokiona nyinyi, yeye hakioni kama kitu cha kuchukua.

Kwa hiyo ndugu zangu, kama mkono una nguvu hata kidogo, geuzeni kishikio kiuelekee, na chai iwe imepoa. Kijiko kizungushieni tambara au kipande cha tyubu ya baiskeli mpaka kiwe kinene. Mpeni kitu alichokuwa akikifanyia kazi: mwiko, jembe, wavu. Na msimlishe kwa haraka ya kuondoa vyombo. Hapo ndipo mkono unaponyimwa kazi.

Mhariri, dawa za presha mmeziandika mara nyingi. Tafadhali waulizeni na wanaowauguza wagonjwa hawa nyumbani, mchapishe wanayoyaona mezani.

Mtaalamu wa fiziotherapia,
Kigoma