Kidonda cha mguu kinahitaji bandeji, si jani pekee

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nichangie mjadala kuhusu kutibu vidonda sugu vya miguu kwa dawa za mimea. Huku Mbeya, kuanzia Mwanjelwa hadi Tukuyu, wapo wazee na wafanyabiashara wa sokoni wanaofunga kidonda cha kifundoni kwa papai bichi au utomvu wa mshubiri. Sipingi. Papai lina vimeng'enya vinavyolainisha nyama iliyokufa, na zipo hospitali zilizolitumia.

Lakini mara nyingi kidonda cha aina hii hakianzii kwenye ngozi. Vali, yaani vilango vya kuzuia damu kurudi nyuma ndani ya mishipa ya vena, zikilegea, damu inayopaswa kurudi moyoni hutuama mguuni. Mguu huvimba, ngozi hudhoofika na kupasuka. Jani lolote utakalobandika halitaipandisha damu hiyo. Kinachosaidia ni bandeji ya kubana, inayofungwa kuanzia karibu na vidole hadi chini ya goti, pamoja na kuinua mguu wakati wa kupumzika. Nayo haifungwi kiholela: mhudumu lazima kwanza ahakikishe mishipa ya ateri, ile inayoleta damu kutoka moyoni, inapitisha damu vizuri, la sivyo mguu wenyewe unaweza kuharibika.

Nashauri halmashauri zetu zihakikishe zahanati zina bandeji hizo na wauguzi waliofundishwa kuzifunga. Waganga wa tiba asili, wanaotambuliwa na sheria tangu mwaka 2002, washirikishwe: kidonda kisichopona ndani ya wiki 2 kipelekwe zahanati, na mgonjwa aeleze dawa aliyotumia bila kuogopa kufokewa.

Msomaji wako,
Uyole, Mbeya